Mzee Laurent na Hibiskusi Isiyochanua

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote katika maisha yangu ya kazi ni hili: "Mbona hibiskusi yangu haitoi maua?" Nimeulizwa na wake za wakubwa, na mapadri, na wanajeshi, na mwanamke mmoja aliyenivizia nje ya msikiti siku ya Idi, watoto wangu wakisubiri pilau. Karibu wote walikuwa wameipanda mwezi uliopita, na wote walikuwa wamekasirika. Leo ni zamu yangu kukasirika, na ninyi mliobaki pale kwenye pepinyeri, bustani yetu ya miche, mtanivumilia, kwa kuwa mmeshanivumilia kwa mengi.

Habari za vyeo sitaziandika. Niliingia nikiwa mtu wa kumwagilia maji, nikatoka nikiwa mkubwa wa miche, na maji niliendelea kumwagilia hadi siku ya mwisho.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Kwetu nyumba zimebanana, na baba yangu alikuwa fundi wa magari, kwa hiyo mti pekee niliokua nao ulikuwa umesimama katikati ya injini zilizofunguliwa. Nilipopata kazi Carama, pale nyumba zinapoisha na mashamba kuanza, sikujua hata kushika jembe. Siku ya kwanza patroni, Bwana Gérard mwenye pepinyeri, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala, akamwambia mtu aliyekuwa amechuchumaa kwenye safu ya miche: "Laurent, huyu ni wako." Akaenda zake.

Mzee Laurent hakuwa mzee wakati huo, lakini alikuwa na upole wa wazee, na sote tulimwita hivyo. Alikuwa mtu wa kwaya kanisani kwake, mwenye sauti nzito na mikono iliyopasuka. Hakunieleza lolote. Alinionyesha hibiskusi mbili, zinalingana kwa urefu, majani yanang'aa sawasawa.

"Ngoa ile," akasema.

Nikaivuta. Ikatoka kama karoti.

"Sasa na hii."

Nikaivuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha nikaegemeza mguu. Haikutikisika. Laurent akacheka kidogo.

"Umeona? Hii iko na mwaka hapa. Ile ya kwanza ilipandwa juzi. Ile ukiiomba maua, ni sawa na kumuomba mutu mwenye amehama leo akupikie pilau. Hata mafiga hajapanga."

Hilo ndilo somo la kwanza, na laiti watu wangelisikia, nusu ya hasira za mji huu zingeisha. Mmea uliopandwa upya kwanza unashughulika na mizizi. Huoni kitu, kwa sababu kazi yote iko chini. Ukiuona umenyamaza msimu mzima wa mvua, haujagoma wala hujauziwa kitu kibovu. Lakini watu wanataka ua lile waliloliona kwenye mche siku ya kununua. Lile ua la pepinyeri mche ulilitoa ukiwa umebanwa ndani ya kopo, umeshalimaliza.

Somo la pili nililipata Zone Industrielle, kwenye kiwanda kimoja ambako tulipanda ukingo wa hibiskusi kuanzia getini mpaka kwenye maghala. Mkurugenzi alitaka uchanue mwekundu tupu wageni wakifika. Alitaka pia unyooke kama ukuta, na kila Jumamosi walinzi waliukata kwa mapanga. Baada ya muda akatuita.

"Laurent, muti yenu ni ya uongo. Ni majani tu."

Laurent akashika tawi moja, akaonyesha kwa sekateri yake, mkasi wa kukatia matawi, ile yenye mpini aliouzungushia mpira wa baiskeli. "Bwana mkubwa, hibiskusi inaweka tumba huku kwenye ncha, kwenye tawi mupya. Hawa walinzi kila Jumamosi wanakata ncha. Maua yako wanayaweka kwenye takataka."

"Sitaki kichaka mbele ya kiwanda."

"Basi utapata ukuta."

Mkurugenzi hakupenda jibu hilo. Akamwaga mbolea ya urea, magunia, akiamini chakula kingi kitaleta maua mengi. Urea inaleta majani. Ule ukingo ukawa mnene na wa kijani, ungedhani ni mboga ya kuuza sokoni, na ua hata moja hakuna. Alimweleza patroni kuwa sisi ni watu wavivu. Patroni akaomba radhi kwa niaba yetu, bila kutuuliza kilichotokea. Nilikuwa bado kijana, nikafikiri hayo ni ya siku moja. Kumbe ndiyo ilikuwa tabia yake.

Halafu ikaja miaka ya vita. Barabara ya kwenda Carama ikawa si ya kupita. Patroni alichukua familia yake akaondoka nchini, nami nilibaki Buyenzi nikiuza mandazi mlangoni. Laurent hakuondoka. Alihamia ndani ya kibanda cha vifaa pale pepinyeri, peke yake, akamwagilia miti mama, ile tunayokatia vipandikizi, siku nyingine akitambaa kati ya safu kwa sababu ya risasi. Hakuna aliyemtuma. Patroni aliporudi, alikuta bustani yake inapumua. Kila mche mliouuza tangu hapo, asili yake ni miti ile. Kumbukeni hilo, maana yeye hakulikumbuka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Madamu Béatrice alikuwa mwalimu mstaafu wa sekondari, anakaa Mutanga Nord, nyumba yenye veranda pana na parachichi kubwa uani. Alikuwa na binti mmoja, Nadine, aliyeolewa Ulaya. Nadine aliugua akafia huko, na akazikwa huko, kwenye baridi. Mama yake alikwenda mazishini, na aliporudi alileta kwenye sanduku lake mizizi iliyofungwa kwa magazeti yenye maji na mifuko ya plastiki. Ilikuwa hibiskusi kutoka bustani ya binti yake, aina inayovumilia theluji, ambayo kila baridi inakauka juu na kuchipua tena kutoka chini. Mkwewe ndiye aliyeichimba.

Patroni alitutuma mimi na Laurent tukaipande. Madamu alitufungulia furushi lile mezani kama mtu anayefungua nguo za mtoto mchanga. Mizizi ilikuwa minene, ya rangi ya udongo, haina kitu cha kutazama. Akatuonyesha picha kwenye simu: Nadine amesimama karibu na kichaka, na ua jekundu pembeni ya uso wake, pana kama sahani.

"Hii njo kitu nimebaki nayo ya mutoto wangu," akasema. "Muipande hapa chini ya dirisha, nikiamka niione."

Laurent alitazama dirisha, akatazama parachichi. "Madamu, hapa kivuli ni kingi. Hibiskusi bila jua haitoi ua. Tuipeleke pale karibu na geti, jua inaipiga tangu asubuhi."

"Lakini sitaiona kitandani."

"Utaiona ukikaa kwenye veranda. Nisamehe, madamu. Nikiipanda chini ya dirisha nitakuwa nimekudanganya."

Akakubali. Tulichimba shimo pana, tukachanganya samadi iliyooza vizuri, tukaweka majani makavu juu kuhifadhi unyevu. Kila wiki Laurent alipitia pale, hata siku zisizokuwa za zamu yake, kwa sababu alisema nyumba ile ina msiba na mmea ule si wa kawaida.

Msimu wa kwanza ilitoa majani mazuri, mapana kama mkono. Ua hakuna. Laurent alimweleza madamu lile la mizizi, naye akasubiri. Kiangazi kilipofika, mashina yakakauka mpaka chini. Madamu alilia akidhani imekufa. Laurent alikata yale makavu, akamwambia atulie, chini kuna uhai. Mvua ilipoanza, ikachipua kweli. Siku hiyo madamu alimpikia Laurent ndizi na nyama na kumkalisha mezani, akamhadithia habari za Nadine mpaka jua likazama. Nilidhani wamekuwa ndugu.

Msimu wa pili nao, majani. Wa tatu, majani. Nami nawaambia, hakuna kitu kibaya kama mtu mwenye huzuni akikaa peke yake na swali lisilo na jibu. Madamu alianza kulinganisha majani ya pale getini na yale ya kwenye picha. Ya kwenye picha yalikuwa meusi zaidi, yamejaa zaidi. Jirani yake mmoja akamwambia watu wa pepinyeri wana tabia ya kubadilisha miche ya watu. Asubuhi moja aliingia Carama kwa teksi, akashuka katikati yetu sote, na kumwambia patroni: "Mutu wako aliiba ua ya marehemu mutoto wangu. Ile yenye iko kwangu si yenyewe."

Laurent alikuwa ameshika kopo la miche. Akaliweka chini polepole.

"Madamu," akasema, "mi naweza kuiba ua ya Nadine?"

Madamu aligeuka. Alimtazama patroni.

Ninawaomba mfikirie patroni angefanya nini. Mtu yule alikuwa amemlindia mali yake chini ya risasi. Angeweza kumwambia madamu, "Keti, tuulize." Angeweza kuja Mutanga Nord akauona mmea kwa macho yake, maana tangu tuupande hakuwahi kukanyaga pale. Mimi nilisema, tena kwa sauti: "Patroni, mi nilikuwa naye siku ile. Tulipanda mizizi ile ile, madamu mwenyewe alikuwa amesimama hapo. Hakuna kitu Laurent alibadilisha."

"Zaina, sikukuuliza."

"Basi niulize."

"Apana," akasema. "Madamu ni mutu wa heshima, anajulikana katika mji. Sitaki jina ya pepinyeri iharibike juu ya mutu mumoja." Akamgeukia Laurent. "Acha sekateri hapo. Nenda."

Laurent aliiweka sekateri juu ya meza ya kupandikizia. Ilikuwa yake mwenyewe, aliinunua kabla hata sijaajiriwa, na hakubishana. Akanawa mikono kwenye pipa kama kila siku, akavaa shati lake, akatoka. Kilichonichoma hasa ni kule kunawa mikono, kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilitaka kuondoka nyuma yake. Yeye ndiye aliyenirudisha, pale barabarani.

"Una watoto, Zaina. Na tukitoka sisi wawili, nani atabaki kujua kama sikuiba?"

Nikabaki. Patroni akanituma Mutanga Nord badala ya Laurent, nami nilikwenda, kwa sababu nilitaka kujua mmea ule una nini. Madamu alikaa kwenye veranda akiangalia mikono yangu muda wote niliokuwa pale, kama mlinzi wa benki. Hatukuzungumza zaidi ya salamu.

Nilifanya kila nilichojua. Niliongeza majivu ya jikoni, yanayosaidia maua kuliko urea. Nilimwagilia kwa utaratibu, maana hibiskusi inayopata maji leo na kukosa wiki nzima inaangusha matumba kabla hayajafunguka. Niligeuza kila jani kutafuta vile vidudu vidogo vinavyokula tumba kwa ndani. Hakukuwa na tumba la kuangusha wala la kuliwa. Mashina yalipanda, yakatoa majani, yakasimama hapo kama watu wanaosubiri basi. Msimu ukaisha. Mimi nami nilikuwa nimeshindwa, na kusema kweli nilifurahi, nikidhani sasa madamu ataona kuwa si Laurent. Yeye akaona kinyume: kama wote wawili tumeshindwa, basi ni kweli si mmea wenyewe.

Wakati huohuo habari zilikuwa zimefika kanisani kwa Laurent. Mji huu ni mkubwa kwa mambo mengine, kwa umbea ni kijiji. Wizi wa kawaida watu wanausahau. Kumwibia maiti hawasahau. Hakuna aliyemfukuza kwenye kwaya. Walinyamaza tu akiingia, wakaanza kuongea akitoka. Akaacha kuimba. Alilima mboga za lengalenga kando ya mfereji, kule mwisho wa Carama, na nilipomtembelea alinipa mboga na kuniuliza: "Imechanua?" Kila mara. Kila mara nilimjibu apana, na kila mara nilirudi nyumbani na hasira, nikimgombeza mume wangu kwa makosa ya watu wengine.

Ndipo akaja Espérance. Mnamjua ninyi kama injinia wa kilimo mwenye kelele; mimi namkumbuka alipofika mara ya kwanza, ametoka chuo kikuu, buti mpya, hazina hata tope. Sikumpenda. Nilimpeleka Mutanga Nord nikitaka aniambie neno moja la kijinga nimdharau vizuri. Alizunguka mmea, akagusa majani, akakuna udongo.

"Mama Zaina," akasema, "mi sijui."

Nikamtazama upya. Miaka yote ile, si patroni, si mkurugenzi wa kiwanda, si jirani wa madamu, hakuna aliyewahi kutamka neno hilo.

"Lakini nitauliza mwalimu wangu. Kwanza niulize madamu kitu kimoja." Akapanda veranda, akamwamkia kwa heshima, akaketi alipoambiwa aketi. "Madamu, samahani. Huko kwa dada Nadine, hii ilikuwa inachanua mwezi gani?"

"Mwezi wa saba. Mwezi wa nane. Nilikuwa kwake mwaka mumoja, nikaiona."

"Na jua ilikuwa inazama saa ngapi?"

Madamu alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue vile, uso wake ulilegea. "Jua ya huko ilikuwa inakataa kuzama. Tulikuwa tunakula chakula cha jioni inje, saa ine ya usiku, bado kweupe. Nadine alikuwa ananicheka, mi nasema nitalala namna gani na jua."

Espérance alimshukuru, tukaondoka. Alirudi siku chache baadaye akiwa ameshazungumza na mwalimu wake, akatueleza sisi wawili, mimi nimesimama na ndoo, madamu kwenye kiti chake. Aina ile ya hibiskusi inahesabu urefu wa mchana. Kwao, mchana ukirefuka sana wakati wa kiangazi, ndipo inajua saa ya kuchanua imefika. Hapa kwetu mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Jua linazama saa ileile ya jioni, iwe mvua au kiangazi. Hibiskusi zetu za kawaida hazijali. Ile ya Nadine inajali. Ilikuwa inakula, inanywa, inaota majani, na kusubiri mchana mrefu ambao Bujumbura haujawahi kuwapo.

"Kwa hiyo," madamu akasema polepole, "ni yenyewe."

"Ni yenyewe, madamu. Kama ingekuwa ya hapa, ingekuwa imeshachanua zamani."

Madamu alifunika mdomo kwa kitenge. Nami, Mungu anisamehe, sikumhurumia wakati huo.

Espérance alipendekeza taa. Tuning'inize balbu juu ya mmea, iwake jua likizama mpaka wakati wa kulala, kila siku, tuudanganye kuwa mchana umerefuka. Umeme wa mjini mnaujua wenyewe, ungezimika katikati ya uongo. Madamu akatoa betri ya paneli yake ya jua, akakubali kukaa gizani ndani ya nyumba ili mmea ukae kwenye mwanga nje. Majirani walisema mwalimu amechanganyikiwa, anawashia majani taa. Wiki zikapita. Asubuhi moja nilipoinama kumwagilia, niliona kwenye ncha ya shina kitu kama yai dogo la kijani, limebanwa na vidole vyembamba. Tumba. Halafu jingine.

Lilipofunguka madamu alinipigia simu, nikasikia tu anapumua. Nilipofika alikuwa amepiga magoti getini na nguo yake ya nyumbani. Ua lilikuwa jekundu lililoiva, pana kama kwenye picha. Maua yale yanaishi siku moja tu. Alikaa nalo siku nzima, na lilipoanza kujikunja jioni akaniambia: "Zaina, nipeleke kwa yule muzee."

Tulimkuta Laurent kwenye mboga zake. Alitoka mferejini, akafuta miguu kwa majani, akamletea madamu kiti pekee kilichokuwapo. Yeye akasimama. Madamu hakukaa.

"Imechanua," madamu akasema. "Ni yenyewe. Ilikuwa yenyewe tangu siku ya kwanza. Muzee Laurent, nilikutukana mbele ya watu. Nakuja kukuomba musamaha."

Laurent alipangusa mikono kwenye suruali. Nilitaka apige kelele. Nilitaka amtukane, nimsaidie.

"Nashukuru kama imechanua," akasema. "Na nimekusamehe, madamu. Ulikuwa na maumivu. Lakini nataka ujue kitu kimoja. Ile ua ingekataa kabisa, isichanue hata siku moja mpaka tufe sisi wote, mi ningekuwa bado sijaiba."

Madamu akalia. Ndipo akakaa kwenye kile kiti. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kwa Laurent, yeye ambaye si muumini wa pale, akaomba ruhusa ya kusema, akasema yote bila kujitetea. Kwa hilo nilimsamehe na mimi. Kidogo kidogo.

Patroni hakwenda kokote. Alimtumia Laurent ujumbe kupitia kwangu, kwamba anaweza kurudi kazini. Nilimuuliza: "Na samahani?" Akasema, "Mwambie tu arudi, ataelewa." Nilimfikishia Laurent kama ulivyo. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye lengalenga zake. Alianza tena kuimba kwaya, akaimba miaka michache, akafa kwa homa. Patroni siku ya mazishi alikuwa na wateja.

Wateja hao walikuja kwa ajili ya nini, mnajua? Hibiskusi ya Ulaya. Patroni alipoona picha za lile ua zinazunguka kwenye simu za watu wa Mutanga, aliagiza mizizi, akaiuza kwa wakubwa bila kutaja taa. Basi likarudi lile swali, kila asubuhi, getini: mbona haitoi maua? Nami nilimjibu kila mmoja ukweli wote: bila taa utavuna majani mpaka uzeeke. Patroni aliniita ofisini, akasema naharibu biashara. Nikamwambia anifukuze, sekateri yangu iko mezani. Hakunifukuza, kwa kuwa ni mimi tu niliyebaki nikijua kupandikiza.

Mwezi uliopita mlinifanyia karamu ya kuniaga, na kwa hilo nawashukuru, vitenge ni vizuri na wali ulikuwa umeiva. Patroni alisimama kuhutubia. Akasema pepinyeri yake ndiyo ya kwanza katika mji huu kuchanusha hibiskusi ya nchi za baridi, na kwamba huo ni uhodari wa uongozi wake, pamoja na injinia, pamoja na mama Zaina. Watu wakapiga makofi. Espérance akaangalia chini.

Nikasimama. "Aliyeipanda ni muzee Laurent," nikasema. "Na ulimfukuza juu yake."

Patroni akatabasamu, akasema, "Mama Zaina, hayo ni mambo ya zamani," akaomba soda ziongezwe. Ndipo mmoja wenu, binti yule wa mauzo, akamgeukia mwenzake karibu na sikio langu, akauliza bila ubaya wowote: "Laurent ni nani?"

Mwenzake akainua mabega. Nilitaka kujibu, lakini soda zilishaanza kugawiwa na kila mtu anaongea. Nikaketi, mkadhani nimechoka.

Laurent ni mtu aliyepanda mizizi ile kwa mikono yake, akaichagulia mahali penye jua, akamwambia mwenye nyumba ukweli, na hakuiba kitu. Miche mnayouza inatoka kwenye miti aliyoilinda. Alikuwa na sauti nzito. Sasa mmeshaambiwa.